Mwalimu Anajibu: "Nitaingiaje kwenye kikao cha walevi mtaa usijue?"

Mwezi uliopita niliandika hapa, kwa mistari minne tu, kwamba mimi ni mlevi niliyeacha kwa kuhudhuria vikao vya walevi wenzangu, na kwamba sijagusa pombe tangu Agosti 2018. Sikutegemea wingi wa barua zilizofuata. Karibu zote zinauliza jambo moja: hivyo vikao viko wapi, na mtu anaingiaje? Leo najibu tatu. Jina langu silitaji, kama nisivyotaja la yeyote niliyemkuta huko.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, mhasibu hapa Tanga, nina mke na watoto wawili. Nimekulia nyumba ya Kiislamu na kwetu hakuna anayejua kwamba nakunywa, au wanajua wananyamaza. Nanunua mbali na mtaa, nanywea garini, natafuna karafuu na hiliki ndipo niingie ndani. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue. Ramadhani iliyopita nilifunga siku nne, zilizobaki nilijifanya. Nasikia kuna vikao vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Vinapatikanaje? Nitalazimishwa kusimama na kukiri mbele za watu? Na mbona wanasema ni mambo ya kanisani? — Msiri, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Naanza na mikono yako, maana hiyo haingoji kikao.

Mwili uliofika mahali pa kutetemeka kila asubuhi mpaka uzimue haufai kukatishwa pombe ghafla, ukiwa peke yako chumbani. Mtetemeko na jasho huanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho. Degedege, kwa wanaolipata, huja zaidi ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani, homa ikapanda, na hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Kwa hiyo hospitali kwanza. Hapo kwenu kuna Bombo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mwambie daktari kiasi chako halisi. Mimi nilisema, "Bia mbili tatu, daktari." Akaitazama mikono niliyoilaza juu ya meza yake, akaniuliza tena kwa sauti ileile ya upole. Mara ya pili nikasema kweli. Zipo dawa za kuutuliza mwili zinazotolewa kwa siku chache chini ya uangalizi, na ipo vitamini B1, ambayo mlevi wa muda mrefu mara nyingi huwa ameishiwa. Hayo ni yao. Kazi yako wewe ni kutosema uongo kwa nusu saa.

Sasa vikao. Wenyewe tunasema miting. Zenye jina kubwa duniani ni za AA, Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina. Usitafute bango barabarani, hutaliona. Tovuti ya AA inaonyesha nchi kwa nchi wapi pa kuulizia. Njia ya pili, na kwa mkoani naiamini zaidi, ni kumuuliza muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, maana yeye hukutana na watu wetu kila wiki. Ya tatu ni simu: namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni ya bure, na msomaji aliyeko Kenya ana 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo bure. Ya nne ni nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba. Huna haja ya kulala huko. Piga hodi tu, uliza miting zao ni siku gani na kama wa nje anaruhusiwa.

Kuna jambo watu wa pwani hawaambiwi. Kwetu, vikundi vya NA, yaani vya waraibu wa dawa za kulevya, wakati mwingine vinapatikana kirahisi kuliko vya AA. Usivipite ukijiambia kwamba wewe si mtu wa unga. Kwa NA, pombe nayo ni dawa ya kulevya kama nyingine, na ukiingia ukisema tatizo lako ni pombe hakuna atakayekufukuza. Utakaa na kijana aliyekuwa akijidunga maskani, nawe umetoka ofisini na tai shingoni, na baada ya dakika ishirini utashangaa jinsi anavyokuelewa kuliko wenzako wa ofisini.

Ukiulizia, utasikia "kikao cha wazi" na "kikao cha ndani". Cha wazi huingia yeyote, hata ndugu au mwanafunzi wa uuguzi. Cha ndani ni cha wenye nia ya kuacha pekee. Kama woga wako ni macho ya watu, anza na cha ndani.

Nikueleze changu cha kwanza, kwa sababu maswali yako yote mawili yaliyobaki nilikwenda nayo mimi.

Ilikuwa Dar es Salaam, Jumanne, saa kumi na mbili jioni, kwenye chumba cha mafundisho ya kipaimara nyuma ya kanisa. Nilifika nusu saa kabla nikakaa kituo cha daladala ng'ambo ya barabara, mtandio nimeushusha hadi kwenye nyusi, nikihesabu wanaoingia getini. Nilichokiogopa ni mzazi wa mwanafunzi. Na nikamwona. Baba wa kijana wa kidato cha pili, niliyekuwa nimemwita shuleni mwezi uliotangulia kumweleza utoro wa mwanawe. Siku ile nilipomwita nilikuwa nimeshamaliza chupa ndogo ya pombe kali kabla ya saa nne asubuhi. (Kabla ya chupa ndogo nilikuwa mtu wa viroba, kwa mliosahau, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilivyopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Nilidhani Serikali imenitibu. Wiki iliyofuata nilikuwa nimehamia chupa ndogo.) Basi yule baba akavuka geti, mkononi kabeba chupa kubwa ya chai. Daladala tatu zikapita, nimekaa palepale. Ya nne ilipokuja nikasimama kana kwamba naipanda, nikavuka barabara. Kilichonivusha ni hesabu moja tu: akiniona mimi humo, nami nimemwona yeye humo.

Nimebadilisha mawili matatu asitambulike, na ameniruhusu nisimulie.

Yeye ndiye aliyekuwa akimimina chai. Hakuonyesha mshangao wala hakuniita mwalimu. Alichukua kikombe cha bati, akamimina nusu, akanipa. Moyoni nilikereka: hata chai nao wananibania? Vikombe vya wengine vilikuwa vimejaa mpaka ukingoni. Nilipokiinua kwa mikono miwili kikagonga meno, kikacheza, na hakikumwaga hata tone kwenye gauni langu. Ndipo nikaelewa kwamba yule mtu alitazama mikono yangu kabla ya uso wangu, na kwamba siku moja kuna mtu alimmiminia yeye hivyohivyo. Machozi yalinitoka kwa ajili ya ile nusu kikombe, nikasingizia moshi wa uchomaji taka nje.

Kikao chenyewe kilikuwa cha saa moja. Anayeongoza alisoma maneno ya ufunguzi, mwingine akasoma hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe. Kisha mmojammoja anayetaka anasema jina lake la kwanza, anasema yeye ni mlevi, anaongea dakika tatu hadi tano. Akimaliza anaitikiwa asante. Hajibiwi, hashauriwi, hakosolewi. Kwangu mimi niliyezoea kalamu nyekundu hilo lilikuwa gumu kuliko kukaa kimya. Zamu iliponifikia nikasema "Napita," wakasema "Karibu," ikaenda kwa jirani yangu. Hapo ndipo pana jibu la swali lako: hutalazimishwa. Nilipita vikao vinne mfululizo.

Lakini siku ile ya kwanza kuna mama mmoja alisema alikuwa akificha pombe ndani ya kopo la unga wa sembe, kwa sababu ndilo kopo ambalo mumewe hawezi kulifungua. Nilihisi baridi mgongoni. Mimi nilikuwa nikificha kwenye boksi la chaki, nyuma ya kabati la walimu, na miaka yote nilidhani hakuna binadamu mwingine anayeishi hivyo. Hicho ndicho wanachokupa pale, mwanangu. Siri yako unaisikia ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, naye anaisema amekaa wima, amevaa nguo zilizopigwa pasi, na mwezi wa kumi na moja huu hajanywa. Mahubiri nilishayasikia mengi, hata mimi mwenyewe nilikuwa mhubiri mzuri wa madhara ya pombe kwenye gwaride la Jumatatu. Hayakunisogeza hatua.

Kuhusu kanisa nitakwambia ukweli mzima. AA ilizaliwa Marekani mikononi mwa Wakristo, na sehemu ya mwanzo wake ilikuwa ndani ya kundi la kidini lililoitwa Oxford Group, kabla ya walevi hao kujitenga mwishoni mwa miaka ya 1930. Wengi hukutania vyumba vya kanisa kwa sababu ndivyo vinavyopatikana kwa kodi ndogo. Hatua zinamtaja Mungu, ila kwa maneno "kama tulivyomwelewa sisi", na maneno hayo yaliwekwa makusudi ili kila mtu aje na wake. Hakuna atakayekuuliza dini. Iran ni nchi ya Kiislamu na NA huko ni miongoni mwa jamii kubwa kabisa za NA duniani. Karibu zaidi, vuka bahari: Zanzibar vijana wengi waliopitia nyumba za soba wanafuata hatua hizohizo 12, na adhana ikiadhiniwa wanatoka kwenda kuswali. Dua ya utulivu inayosomwa mwishoni inamwomba Mungu akupe utulivu wa kuyakubali usiyoweza kuyabadilisha, ujasiri wa kuyabadilisha unayoyaweza, na hekima ya kutofautisha. Wewe itikia amina yako. Na kama siku moja wakasali sala ambayo si ya kwenu, kaa kimya, hakuna anayehesabu midomo.

Pesa: hakuna kiingilio. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na sukari, na mgeni halazimiki kutia kitu. Ukidaiwa ada ya uanachama, toka, hiyo si AA. Jina: toa la kwanza, au la kubuni, hakuna rejista. Sharti la kuwa mwanachama ni moja, kutaka kuacha kunywa.

Usihukumu kwa kikao kimoja. Vingine vinaboa, katika kingine kuna mzee anarudia kisa kilekile kila wiki. Nenda mara sita kabla hujaamua. Kuna desturi ya kumwambia mgeni ahudhurie vikao 90 kwa siku 90, na aliyeko Nairobi pengine ataweza. Wewe wa Tanga fanya viwili kwa wiki na simu kila siku. Maana hicho ndicho kitu cha kuondoka nacho mlangoni: namba za simu za wanaume wawili watatu. Baadaye mmoja wao atakuwa sponsa wako, wengine humwita mlezi, aliyekutangulia njiani na wa kumpigia ile saa kumi na moja jioni gari linapotaka kukata kona kuelekea dukani. Awe mwanaume.

Na ukiteleza, rudi. Mimi wiki ya sita niliteleza kwenye sendofu ya binti wa rafiki yangu, glasi moja ya shampeni ya kugonganisha, na siku tatu zilizofuata sizikumbuki. Jumanne nilirudi nikasema leo ni siku ya kwanza tena. Tarehe yangu ya Agosti nahesabu tangu hapo.

Jambo la mwisho ni mkeo. Mwanangu, anajua. Hiyo karafuu na hiliki ndiyo inayomwambia.

*Mwalimu, mume wangu alipunguzwa kazi na tangu hapo ni gongo asubuhi na jioni. Kuna mama anauza dawa ya unga ya kuachisha pombe, unatia kwenye uji mwenyewe hajui, elfu thelathini. Wifi ananihimiza ninunue. Au kaka zake wambebe tumpeleke kwenye hivyo vikao? — Mama wa Wawili, Morogoro*

Mdogo wangu, usiinunue. Hujui ndani ya huo unga mna nini, na muuzaji huenda naye hajui. Ipo dawa halali ya hospitali iitwayo disulfiramu inayofanya mtu akinywa pombe aumwe: moyo unakwenda mbio, anatapika, presha inaporomoka. Daktari huitoa kwa mgonjwa aliyekubali na anayejua kwamba asionje hata tone. Ukimtilia mtu kitu cha namna hiyo kwenye uji bila yeye kujua, kisha akaenda kunywa gongo lake kama kawaida, unaweza kumzika. Na kwa kuwa ni gongo, shika hili pia: siku akisema macho yanaona ukungu, au anatapika na kupumua kwa shida, usingoje alale ipite. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo, huenda kanywa spiriti yenye sumu.

Kubebwa na kaka zake hakutasaidia. Atakaa kwenye kiti saa moja, kisha atakunywa kwa hasira ya kudhalilishwa. Unachoweza kufanya ni kwenda wewe. Ingia kikao cha wazi, usikilize. Na kuna Al-Anon, ushirika wa ndugu na wake na waume wa walevi, ulioanzishwa Marekani mwaka 1951, mmoja wa waanzilishi akiwa Lois, mke wa Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wawili wa AA. Vikao vyao vingi sasa vinafanyika kwa Zoom, unaweza kusikiliza jikoni na kamera umeizima.

Nikwambie kutoka upande wa mlevi kilichonisaidia. Dada yangu ndiye aliyekuwa akimpigia simu mkuu wa shule kusema naumwa malaria. Muhula mmoja aliniombea ruhusa ya malaria mara nne. Asubuhi moja nilimpa simu, akairudisha juu ya meza akasema, "Mwambie mwenyewe unaumwa nini." Nilimchukia. Wiki mbili baadaye ndipo nilipokuwa pale kituo cha daladala. Siwezi kukuahidi kwamba na kwako itakuwa hivyo. Ila anza kuacha kumsemea uongo kwa wanaomdai na kwa mama yake, na maneno mazito mwambie asubuhi akiwa hajanywa. Akikupiga, ondoka na watoto kwanza, hayo mengine tutayaandikiana baadaye.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 29, fundi cherehani, Mpanda. Nina siku 19 bila pombe tangu nitoke hospitali. Huku hakuna kikundi chochote, nimeuliza kila mahali. Mtandao unakatika, hiyo Zoom nasikia neno moja, manne yanapotea. Jioni ndiyo mbaya. Nitafanyaje peke yangu? — Fundi*

Marahaba, mwanangu, na siku 19 si chache. Nilipofika 19 nilikuwa naziandika kwa penseli pembeni ya andalio la somo.

Nikupe kisa, kwa kuwa kilianza na mtu aliyekuwa kama wewe. Mei 1935 Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York, alikuwa ugenini Akron, jimbo la Ohio, dili lake la biashara limevunjika. Alikuwa na miezi mitano tu bila pombe. Amesimama kwenye ukumbi wa hoteli, upande mmoja baa inacheka, upande mwingine simu. Akaenda kwenye simu akaanza kupigia makanisa akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hakutafuta padri wala daktari, alitafuta mlevi. Mama mmoja, Henrietta Seiberling, akamkutanisha na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akizama. Daktari alikubali dakika 15 tu. Wakakaa zaidi ya saa 6. Naye pia aliteleza baada ya hapo, na bia yake ya mwisho alipewa kutuliza mikono ili aweze kumpasua mgonjwa, tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo ndiyo AA inayohesabu kuwa kuzaliwa kwake. Walikuwa wawili.

Mpaka leo utaratibu wa AA unasema walevi wawili au watatu wakikutana ili wakae bila pombe, hicho ni kikundi, mradi hakijajifunga kwa chama au shirika lingine. Kwa hiyo huhitaji kikundi. Unahitaji mtu wa pili.

Rudi hospitali ulikotibiwa. Mwambie muuguzi: "Akija mwingine wa pombe, hasa mwanamke, akikubali mwenyewe mpe namba yangu." Mwambie hivyohivyo mganga wa zahanati ya karibu na karani wa parokia au imamu wa msikiti, yeyote anayejua kutunza siri. Inaweza kuchukua mwezi. Wakati unangoja, Zoom inayokatika achana nayo, tafuta mtu mmoja wa simu ya kawaida. Niandikie namba yako kwenye bahasha nami nitakuunganisha na mama wa lile kopo la unga, ameshakubali. Awe anakupigia saa kumi na mbili kamili, hiyo saa mbaya yenyewe. Na jioni hamishia kazi za kushona zenye tarehe, za watu watakaokuja kesho kudai nguo, mikono iwe na kitu cha kushika.

Mtu wa pili akipatikana msikutane kwako wala kwake. Mwulize mganga kama kuna benchi linalobaki wazi nje ya zahanati Jumamosi mchana, na uende na chupa ya chai.